Nani Anaiba Picha ya Urbain?

Mara ya kwanza picha ya Urbain ilipopotea kwenye albamu ya wachumba, watu walisema imedondoka. Mara ya pili walisema ni panya. Mara ya tatu, mwezi wa tisa mwaka wa tisini na tisa, Marie-Louise mwenye albamu alivua miwani akauliza ni panya gani huyo anayechagua mwanamume mmoja kati ya kumi na wanne na kuwaacha wengine bila hata kuwang'ata.

Urbain alisimama pale saluni, kizibao chake cha rangi ya chungwa kikimfika juu kidogo ya kitovu, akaomba radhi. Ndivyo alivyokuwa. Ameibiwa yeye, na anayeomba radhi ni yeye. Bukavu alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kuchora Ziwa Kivu ubaoni kwa mkupuo mmoja wa chaki. Hapa Durban alilinda magari Umbilo Road, kazi ya kumwonyesha dereva nafasi ambayo dereva ameshaiona mwenyewe, kisha kusimama juani mpaka arudi. Watu wapole kiasi hicho huchosha, lakini Urbain ulikuwa huwezi kumchukia hata ukijitahidi.

Ile agence ya kutafutia watu wachumba, kama walivyoiita wenyewe, ilikuwa meza moja nyuma ya saluni ya Marie-Louise, yenye pazia, simu na albamu. Wanawake waliokuja kusuka waliifungua wakiwa wamekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, na aliyependezwa na mmoja alimwita Marie-Louise pembeni. Ndoa tano zilishatoka pale. Na sasa Tina, mwuguzi wa Queensburgh, alikuwa amesema atakuja Jumapili baada ya misa kuchagua. Marie-Louise alimwambia Urbain wazi kwamba picha ikipotea tena kabla ya Jumapili atamfuta kabisa, maana mtu ambaye sura yake haikai mahali analeta mkosi kwenye biashara.

Neno hilo lilimchoma Urbain. Miaka miwili nyuma, alipokuwa akiondoka nyumbani, alimwambia mama yake: ukinipatia mke mwema, maliza mambo, usingoje kuniuliza. Kisha vita vikarudi, barua zikakatika, na tangu Agosti ya mwaka uliopita hakujua kama mama yake yu hai au la. Hilo hakulisema kwa mtu. Ila aliona kwamba mama hawezi tena kumtafutia mke, na akibaki peke yake nchi hii atazeeka akiwa amevaa kizibao. Albamu ile ndiyo mlango pekee uliokuwa umebaki wazi, na kuna mtu alikuwa akiufunga kwa makusudi. Nani? Amemkosea nini?

Habari za picha alimweleza Bwana Fairbrother, Mwingereza mzee aliyeishi kwenye fleti za ng'ambo ya barabara na ambaye gari lake bovu Urbain alililinda kwa heshima kubwa. Bwana Fairbrother alikuwa mpelelezi wa polisi kwao Uingereza kwa miaka thelathini na mmoja, akaja Durban kwa binti yake kupumzika, na kupumzika kulikuwa kunamuua. Aliposikia kuna picha imeibwa mara tatu, alipanda juu kwake akashuka amevaa koti la mvua. Jua lilikuwa kali mno siku hiyo.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Mzee alijua Kiingereza tu, saluni nzima ilisema Kiswahili na Kifaransa, basi Urbain, aliyeibiwa, ndiye aliyefanywa mkalimani. Ikawa anawauliza watu kwa niaba ya mzee kama yeye Urbain ana maadui, nao wanamjibu kwamba hapana, ila ana aibu sana na viatu vyake ni vibaya, naye analazimika kuyageuza hayo kwa Kiingereza huku akitazama chini.

Tatizo la pili lilikuwa suti. Bwana Fairbrother alikagua albamu kwa kioo cha kukuzia, ukurasa kwa ukurasa, akaanza kupumua kwa nguvu. Wanaume wote waliobaki, kumi na watatu, walikuwa wamevaa suti moja ya kijivu, tai moja yenye madoa, na kifungo cha pili cha koti kilikuwa kimekosekana kwa kila mmoja wao. Alimvuta Urbain kando akamnong'oneza kwamba hapa hakuna wachumba kumi na watatu. Yupo mtu mmoja, stadi wa kujigeuza, mwenye majina kumi na matatu.

Urbain alihangaika kueleza. Suti ni ya Cédric mpiga picha, ambaye mchana hufanya kazi kiwandani Mobeni na jioni humvika kila mteja suti hiyohiyo, akiibana mgongoni kwa pini kama mtu ni mwembamba. Kila mtu anajua. Bwana Fairbrother aliandika kwenye daftari kwamba Cédric ndiye kiongozi wa genge. Kufikia saa sita Urbain mwenyewe alianza kujiuliza kama kweli anawajua wale watu.

Kisha walihojiwa wasusi. Msusi mkuu, Joséphine, alikuwa msichana wa Walungu, kwao si mbali na kwa kina Urbain. Zamani kila siku saa nne alikuwa akivuka barabara na kikombe cha chai ya maziwa, akimwita, "Monsieur Urbain, chai iko." Alikuwa akisimama naye mpaka anywe yote, wakizungumza habari za nyumbani. Tangu mwezi wa sita alikoma ghafla. Chai ilikwisha, na jina lilikwisha pia. Urbain alijichunguza usiku na mchana asijue alimkosea wapi, na akajikataza kufikiri habari zake, maana alikuwa ameanza kufikiri kupita kiasi.

Alipoulizwa kama anamfahamu mwenye picha, Joséphine alitazama sakafu.

"Uyu namujua," alisema.

Jina hakulitamka. Bwana Fairbrother aliandika kwamba shahidi anamdharau mlalamikaji kiasi cha kutoweza kutamka jina lake, na Urbain aliyaona maneno hayo, akayasoma vizuri kabisa, akatamani Kiingereza chake kingekuwa kibovu zaidi. Kuhusu chai, mzee hakuuliza hata swali moja. Mwingereza mzima.

Siku ya Ijumaa mzee aliweka mtego. Cédric alisafisha picha nyingine ya Urbain, nayo ikapakwa pembeni rangi nyeusi ya nywele, ili atakayeiiba achafuke vidole na mambo yaishe. Jumamosi asubuhi Bwana Fairbrother aliingia saluni na, bila kuangalia kwanza kama picha imeshaibwa, akaagiza kila mtu anyooshe mikono. Mikono kumi na miwili ilinyooshwa, yote ni myeusi hadi kwenye kifundo. Ilikuwa saluni, na wamesiriba rangi vichwani mwa watu tangu saa moja. Marie-Louise alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee aliomba kiti.

Urbain hakucheka. Aliona mambo yake yamegeuka mchezo, na kesho ni Jumapili. Alipita nyuma ya pazia kuitazama picha yake angalau mara ya mwisho kabla Tina hajaja. Pale mezani alimkuta Joséphine, ameifungua albamu, anaichomoa picha taratibu kwa kucha mbili ili isichanike.

Walitazamana. Hakuificha. Hakukimbia. Uso wake haukuwa wa mwizi hata kidogo, ulikuwa uso wa mtu aliyekasirika muda mrefu.

"Joséphine," alisema Urbain, "nimekukosea nini?"

"Unaniuliza mimi?" alisema, machozi yakimjaa. "Mwanaume eko na bibi yake, na kila mwezi anaweka picha mu albamu atafutiwe mwingine. Miye nitoe, yeye arudishe. Nitoe, arudishe. Batu wakijua, nitaweka uso wangu wapi?"

Urbain aligeuka nyuma aone huyo mwanaume ni nani. Hakukuwa na mtu, isipokuwa Bwana Fairbrother aliyechungulia kwenye pazia na kudai atafsiriwe.

"Bibi gani?" aliuliza Urbain.

"Miye."

Akili ilimruka. Alikaa juu ya katoni la shampuu. Joséphine, alipoona kwamba kweli mtu huyu hajui kitu, naye alikaa chini, na yakamtoka polepole. Mwezi wa tano baba yake alivuka mpaka hadi Cyangugu, upande wa Rwanda, kupiga simu saluni. Alikuwa amekutana sokoni na mama yake Urbain, wakagundua kila mmoja ana mtoto wake Durban. Je, unamwona Urbain? Nampelekea chai kila siku, alijibu. Je, unamtaka? Hakujibu haraka, lakini alijibu. Basi akaambiwa atume picha za wote wawili kupitia kwa wasafiri, naye akaichukua ile ya kwanza kwenye albamu. Mwezi wa sita mahari ilitolewa, watu wakala, wakacheza. Kazi ya kumpasha habari bwana harusi ni ya upande wake mwenyewe. Mama yake Urbain alimtuma Pacifique, jirani aliyekuwa akishuka kusini, na, kama walivyokuja kujua baadaye, Pacifique alipata kazi Lusaka, akabaki huko na habari yake mdomoni.

Joséphine hakujua hayo. Kwao msichana aliyeolewa habebi tena chai kumfuata mumewe barabarani. Hukaa akangoja kuchukuliwa. Na jina la mume halitamkwi hovyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa dharau yake. Miezi mitatu alimtazama kupitia dirisha la saluni akiwaonyesha watu pa kuegesha magari, akingoja avuke barabara mwenyewe, na badala yake ikaja picha mpya kwenye albamu.

Bwana Fairbrother aliuliza kwa sauti ya chini kama mshukiwa amekiri. Urbain alifungua mdomo amtafsirie. Kiingereza hakikuja, wala Kifaransa.

"Mama," alisema mwishowe. "Umesema mama alikuwa sokoni. Mwaka huu?"

Joséphine alimwangalia, akaelewa. Alitoa bahasha kwenye mkoba, na ndani ya bahasha kulikuwa na picha iliyofika na mfanyabiashara mmoja wiki mbili nyuma. Viti viwili vimetandikwa vitenge. Juu ya kimoja imesimamishwa picha ya Joséphine, juu ya kingine ya Urbain ndani ya suti ya Cédric. Na nyuma ya kiti hicho, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti kana kwamba mwanawe amekikalia, yupo mama yake, amekonda, amevaa shali yake ileile ya kijani, anacheka.

Urbain aliishika picha hiyo kwa mikono miwili, akalia, hakuona haya. Mzee alivua kofia yake bila kujua kwa nini.

Joséphine alingoja mpaka akatulia.

"Baba anasema mama yako alitazama picha yako mara moja tu," alisema. "Akasema, iyi koti si yake. Na anakonda. Mwambieni uyu mtoto wa watu amupe chai."

Alisimama, akajifuta mikono myeusi kwenye aproni, akaenda kuwasha birika.