Nyumba ya Mtengeneza Ngozi Mjini Dole

Mbwa aliyemuuma binti yangu Neema nyuma ya nyumba tuliyopanga, Haltom City, Texas, hakupatikana. Siku ileile Neema alianzishiwa sindano za kinga ya kichaa cha mbwa. Nililia kuliko yeye, maana kule Uvira mdogo wangu Bahati aliumwa vivyo hivyo, dawa haikuwepo, na nilimwona akifa huku akiogopa maji.

Neema alipopona, dada yangu Espérance alipiga simu kutoka Ufaransa alikoolewa. "Njooni Dole," akasema. "Aliyegundua hiyo kinga alizaliwa huku kwetu."

Niliomba likizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, tukaruka kutoka Dallas. Paris tulipanda treni, tukapita mashamba ya kijani hadi mnara mnene wa kanisa ulipochomoza juu ya mapaa ya vigae. Espérance alikuwa kituoni, tayari analia.

Kesho yake asubuhi alitutembeza. Dole ni mji mdogo wa vichochoro vinavyoteremkia mfereji, na wenyeji hupenda kusimulia wazawa wao. Mmoja alikuwa jenerali aliyewadanganya askari wa Paris kwamba mfalme amekufa, nusura atwae nchi.

"Wiki haikuisha, wakampiga risasi," dada akasema.

Sisi tulimfuata mtoto wa mtengeneza ngozi, yule aliyegundua kinga. Nyumba yao iko kando ya mfereji, na chini bado yapo mashimo ambamo baba yake aliloweka ngozi. Mama mmoja mzee, mwongozaji wa wageni, alitusimulia kwa Kifaransa habari za mvulana wa kwanza aliyeokolewa na kinga ile.

Neema akanivuta mkono. "Mommy, tell her about me."

Nikamweleza yule mama yaliyompata. Neema akapandisha suruali, akaonyesha kovu. Mama akainama, akaligusa taratibu.

"Karibu kwake, mwanangu," akasema.

Tuliporudi Texas, nilimpigia simu mama yangu kule Uvira, nikamsimulia habari za mgunduzi yule. Niliogopa kwamba shukrani yangu ingemtonesha kidonda cha Bahati. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mtu alikuwa na mama?" akauliza.

"Alikuwa naye."

"Mungu ambariki huyo mama."

Hapo nikajua kwamba aliyezika mtoto anaweza kushukuru kuliko sisi tuliobaki na wetu. Akaomba kusema na Neema. Binti yangu, ambaye hunijibu kwa Kiingereza kila siku, akachukua simu.

"Bibi," akasema, "niko mzima."