Gari la Mwanangu na Kanga ya Mkwe

Mimi majina nayakumbuka yote, hata ya mbuzi waliokufa kabla mwanangu hajazaliwa. Lakini hapa simtaji mtu. Anayehusika atajijua, na yule wa Ruangwa atajijua kwanza.

Mwanangu anafanya kazi Dar, mkewe ni mtu wa Ruangwa. Wakija, wanafika Ruangwa kwanza, ndipo huku kwetu Lionja. Basi mama mkwe wake humpata angali wa moto, mimi nampata kiporo. Kule analala. Kwangu anakunywa chai huku anatazama saa.

Aliponunua gari nikasema, haya, nimepata cha kumshikia. Kwetu mgeni haondoki na vumbi alilokuja nalo, hata baiskeli yake utaiosha. Nikachuma dodoki uani, nikakoroga sabuni ya unga kwenye karai, nikaanza kuusugua mlango kama nasugua sufuria. Akatoka ndani mbio.

"Mama, acha! Unalichubua!"

Mbele ya majirani. Kisha akapoa, akanionyesha. Vumbi letu hili jekundu ni mchanga, akasema, ukilisugua ni sawa na kupiga msasa. Kwanza mwaga maji mengi kuanzia juu, mchanga ushuke wenyewe. Gari liwe kivulini, bati limepoa, maana juani sabuni inakauka na kuacha madoa. Kivuli chenyewe kiwe cha nyumba, si cha mkorosho, mabibo yakidondoka yanatia doa. Sabuni ni ile laini ya magari. Kitambaa laini, ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kikianguka chini, usikirudishe kwenye gari.

"Kumbe ni kama kuosha ufuta," nikamwambia. "Mchanga unautoa kwanza."

Akacheka. Siku ile alichelewa kuondoka, nami nikaliweka moyoni: tukiliosha vizuri, taratibu, iko siku atalala kwangu.

Msimu wa korosho uliopita akaja tena. Ndoo zangu mbili ziko tayari barazani. Mlango wa mbele ukafunguka, anashuka nani? Mama mkwe! Kiti cha mbele, binti yake kakaa nyuma. Mimi gari hilo sijalikalia hata nyuma.

"Mkwe, hujambo? Tumekuletea mwanao."

Tumekuletea! Kama kifurushi.

"Sijambo, mkwe. Karibu." Mdomo ndio uliosema.

Majirani wakasogea kutazama. Mwenzangu akavua kanga ya begani, mpya, akaanza kulipangusa gari kavukavu, kwa madaha. "Gari letu hili lilikuwa linang'aa lilipotoka Ruangwa, vumbi lenu tu!" Kila akipangusa nausikia mchanga unakwaruza. Nikamtazama mwanangu, nangoja kelele kama zile zangu. Akainamisha kichwa.

"Ahsante, mama."

Ahsante! Jamani, roho iliniuma. Mimi nilifokewa, yeye anachuna rangi na anashukuriwa.

Nikaingia jikoni. Mwanangu akanifuata.

"Mama, nisaidie. Mwambie aache."

"Kamwambie mwenyewe."

"Nitamwambiaje? Yule ni mkwe."

"Mbona mimi uliniambia?"

"Wewe si mama yangu?"

Neno hilo liliniingia. Kusema kweli, nilitamani nimwache apanguse mpaka libaki bati tupu, tuone kama bado atalisifia. Lakini gari ni la mwanangu. Nikabeba ndoo.

"Mkwe, weka kanga. Vumbi la huku halifutwi kavu, linakwaruza rangi. Shika kopo, mwaga kuanzia juu."

"Nani kasema? Siku zote napangusa hivi, hajanikataza."

"Hawezi kukukataza, wewe anakuheshimu. Mimi ndiye anayenifokea."

Akamtazama mwanangu, mwanangu akatazama miti. Akashika kopo. Yeye akamwaga, mimi nikapitisha kitambaa, nakisuuza, napitisha tena. Sikuharakisha hata kidogo. Tulipomaliza kulikausha kwa taulo, jua lilikuwa limeshuka, na mwanangu akasema, "Mama, leo tunalala."

Nilichinja kuku. Kitanda changu alilala mkwe, mimi mkekani, na mwanangu namsikia anakoroma chumba cha pili kama zamani.

Asubuhi mwenzangu akapanda kiti kilekile cha mbele, gari linang'aa kwa mikono yangu. Nikasimama barabarani nikilitazama. Halijafika mbali, vumbi likalifunika lote, yeye na kioo chake. Afadhali.