Kitambaa Juu ya Boksi

Kompyuta yangu niliijenga ndani ya boksi la chuma la redio ya zamani, dogo kiasi cha kubebeka kwapani. Ubao wake ulitoka kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Skrubu nilizihesabu mara mbili, maana fundi akibakiwa na skrubu hapati usingizi. Kwa kazi yangu ya kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu, lilitosha.

Ndipo nikalikabidhi kazi ya dada yangu.

Dada alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti kule Jorodom, chini ya mlima. Tope liliposhuka kutoka mlimani lilimchukua yeye na kibanda. Iliyopatikana ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwa sababu hapa Katesh, kwa vumbi hili, vitu vya umeme tunavihifadhi kwenye ndoo kama unga. Ndani ilikuwamo hadidiski yake, kavu kabisa. Mama alitaka kitu kimoja tu humo: video ya kipaimara cha mdogo wetu, aliyoipiga dada mwenyewe. Hatuna pengine penye sauti ya dada.

Hadidiski ilikuwa inagongagonga ndani, nikajua haina muda mrefu. Nikaanza kunakili, nikatoka kidogo. Niliporudi boksi lilikuwa limezima, limepata moto kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Nikapaka upya ile dawa nyeupe ya kupoza prosesa. Likazima tena. Nikaenda sokoni kutafuta feni kubwa zaidi.

"Hii inapoza hata ng'ombe," muuzaji aliniambia.

"Ng'ombe sina. Nina boksi."

"Basi boksi litapata mafua."

"Likipata nakuletea wewe ulitibu. Punguza bei."

Akapunguza, huku akilalamika kwamba watu wa aina yangu ndio wanaofunga maduka ya wenzao.

Feni ilizunguka vizuri. Nilikaa mbele ya boksi asubuhi nzima, halikuzima. Nikaenda kwa jirani, likazima. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa: nikiliangalia linaishi, nikigeuka linakufa.

"Labda hataki tumsikie," Mama alisema.

Nikamwambia kompyuta haina mambo hayo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nikaliwasha tena, nikaaga kwamba naenda sokoni, nikazunguka na kurudi kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa amelifunika boksi kwa kitambaa cheupe cha televisheni, kile alichokifuma dada. Pembe zake alikuwa amezichomeka vizuri, matundu yote yamezibwa.

"Mama, umelifunika?"

"Si linahema? Lisikilize. Na upepo wote huu unaingia dirishani."

Dada alikuwa na pumu. Upepo wa Katesh ukianza, Mama alimfunga kitenge kifuani, hata alipokuwa mtu mzima mwenye kibanda chake.

"Na likizima?"

"Likinyamaza nakitoa. Najua limepata usingizi."

Sikucheka. "Mama, hili likifunikwa ndiyo linakosa hewa. Linataka upepo."

Alikichomoa kitambaa polepole, akakikunja mapajani. "Kumbe nilikuwa namziba."

"Ulikuwa unaliziba boksi, Mama."

"Ndiyo hilo nasema."

Nikafungua dirisha lote. Vumbi likaingia, na mara hii hakuna aliyelalamika. Mama akavuta kigoda, akaweka kiganja kwenye matundu, pale hewa ya moto inapotokea, akakaa hivyo mpaka kunakili kukaisha. Nilihakiki video imefika, kisha nikahakiki tena, ndipo nikaifungua.

Dada haonekani, maana yeye ndiye aliyeshika kamera. Anaonekana mdogo wetu na shati lake jeupe, na Mama pembeni. Nyuma ya kamera kuna pumzi yake, ile ya kukwaruza.

"Mama, sogea kidogo huku," dada akasema.

Mama akasogeza kigoda.

Video ikaisha. Pumzi ikaendelea chumbani.

"Ni feni," nilisema.

"Najua," Mama alijibu, na mkono hakuutoa.