Mama Mkwe Aliporudi Kunigombeza

Usiku ule mume wangu, Shabani, alikuwa amelala ubavuni mwangu, na mama yake, tuliyemzika mwaka juzi, akaja kuketi jikoni kwangu.

Nikammiminia chai. Akaisukuma. Enzi za uhai wake hakunikemea hata mara moja, nilipopigwa alinikanda kwa maji ya moto na kuniambia, "Vumilia mwanangu, atakua." Sasa ananikazia macho kama nimemwibia kitu.

"Shabani bado anakupiga?"

"Hapana, mama. Mwaka wa nne huu. Ameacha."

Akacheka, kicheko kibaya. Mara hatuko jikoni. Ni siku ya harusi yangu, na Shabani ananifinya mkono chini ya meza kwa sababu nimecheka na binamu yangu. Halafu tuko katika chumba cha kwanza tulichopanga; kofi linatua, na kesho yake analia miguuni pangu, kaniletea kitenge kipya. Halafu nina mimba ya Rehema. Sasa halii, haleti kitu. Ni ngumi, na mimi ndiye ninayeomba radhi.

Kisha niko sebuleni, mwaka huu huu. Hakuna anayempiga mtu. Shabani anakohoa mlangoni, nami nazima redio, naficha simu, namtazama Rehema. Mtoto ananyamaza upesi mno.

"Ameacha?" mama mkwe ananiuliza. "Apige nini tena? Umebakiza nini cha kupigwa?"

Hasira zikanipanda. "Si wewe uliyeniambia nivumilie!"

"Ni mimi. Baba yake naye aliacha kunipiga, nikawatangazia watu kwamba amekua. Nikaishi nikinyata ndani ya nyumba yangu mpaka mkanitoa nikiwa ndani ya jeneza." Akanishika kidevu, vidole baridi. "Nilikudanganya. Mtoe mjukuu wangu humu."

Nikaamka. Kumekucha. Shabani yuko bafuni, maji yanamwagika. Nikamvalisha Rehema sare, nikatoa madaftari kwenye begi lake, nikajaza nguo.

"Nani huyo anafungua mlango?" Shabani aliuliza kutoka bafuni.

Nikamshika Rehema mkono, tukatoka mpaka barabarani.

Hatukwenda shule. Tulikwenda kwa dada yangu, Mwajuma. Alitutazama, akalitazama begi.

"Si ulisema siku hizi ametulia?"

"Nilisema," nikamwambia. "Hakuwahi kuacha, dada. Tufungulie."