Mwenyekiti wa Harage Jeupe

Zamani, kabla ushirika wa maseremala haujajua kupiga kura, mambo yaliamuliwa kwa kukaa. Walikaa juu ya meza za kurandia, wakabishana hadi wote wakachoka pamoja, na kuchoka huko ndiko kulikoitwa maafikiano. Neno la mwisho lilikuwa la Mzee Randa, fundi ambaye ubao haukutoka mkononi mwake ukiwa na kinundu. Kisha ikaja mikono juu. Ilipopanda, ilimpandia shemeji yake.

Huyo alikuwa mdogo wa mkewe, fundi wa kupaka vanishi, mwenye ulimi laini kuliko vanishi yenyewe. Randa ndiye aliyemleta karakana na kumfundisha kushika msumeno. Sasa karakana nzima ilimwita Shemeji, kana kwamba wote walioa kwao, na kila uchaguzi walimpa uenyekiti bila yeye kuuomba. Randa akiwaona wamemzunguka wakicheka naye, alirudia kuranda ubao uliokwisha kuwa laini.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Mdogo wangu ana watu," mkewe alisema akimpakulia.

"Hata kidonda kina nzi."

"Basi na wewe jikwaruze, mume wangu, tuone watakaokuja."

Randa akakimbilia vitabuni, kama alivyozoea tangu shule ilipomshinda kwa ada. Huko akawakuta Wagiriki wa kale, wenye mji wao wa Athene, wanaosifiwa kuwa ndio walioanzisha utawala wa watu. Kumbe hawakuiamini sana kura. Vyeo vingi walivigawa kwa bahati nasibu, kwa kuwa walijua ukiwaachia watu wachague, watamchagua mwenye mali, mwenye sura na mwenye ulimi. Pale kwenye ulimi alirudia kusoma.

Mkutano wa uchaguzi ulipofika, alisimama.

"Serikali za leo zimeokota kwa Wagiriki kura tu, zikaacha la maana. Wao walitia maharage chunguni, meusi na meupe. Atakayetoa jeupe ndiye kiongozi. Hapo tabasamu halimsaidii mtu."

"Na wanawake walitoa maharage?" aliuliza Mama Foronya, mshonaji wa mito ya makochi.

"Hapana. Wala watumwa."

"Basi sisi tulikuwa wa kuyapika."

Karakana ikaangua kicheko, na hoja ikaelekea kufa. Shemeji ndiye aliyeiokoa. "Mzee ana maana," alisema. "Tujaribu. Mashavu yangu nayo yamechoka." Mikono yote ikapanda. Randa aliliona hilo, likamchoma: hata bahati nasibu ilibidi ipitie mdomoni mwa yule yule.

Wakatia maharage meusi na jeupe moja katika kopo la gundi. Randa alifumba macho, akatumbukiza mkono, akatoa jeupe. Walimpigia makofi, kama wanavyompigia mtoto aliyekariri shairi bila kusahau.

Akahamia kwenye meza ya dirishani, akangoja kutafutwa. Vijana wawili waliogombania jiliwa la kubania mbao walipita mbele yake moja kwa moja hadi kona ya vanishi.

"Shemeji, hebu tuamulie."

"Mwenyekiti ni mimi," Randa akawaambia.

"Tunajua, mzee," mmoja akajibu kwa upole. "Hatukutaka kukusumbua."

Zamani aliweza kusema wamempora kiti. Sasa kiti alikuwa amekikalia, na bado yule mwingine ndiye aliyekuwa nacho. Kwa nini yeye? Kazi anaijua nusu, vitabu hajafungua hata kimoja, na watu wanamwendea kama kuku waliosikia mtama.

Siku moja akaja karani wa baraza la mji, anataka viti vya ukumbi wa madiwani. "Mwenyekiti ni nani hapa?" aliuliza mlangoni. Videvu vyote vikaelekea kona ya vanishi.

Shemeji akaweka brashi chini. "Ni yule mzee pale dirishani. Kazi yote ninayoijua, yeye ndiye aliyenifundisha."

Tusi Randa angelivumilia, lakini si sifa kutoka mdomo ule. Karani alikuwa tayari anamjia, amenyoosha mkono wa heshima.

"Anakuza mambo," Randa alisema bila kuinuka. "Yule alijifundisha mwenyewe."

"Mwenyewe?" Karani akasimama katikati ya karakana, akageuka, akarudi kumtazama vizuri Shemeji.