Mutanu na Maji ya Sydney

Kwa miaka minane, watu wa Kivaa waliitazama Olimpiki kupitia mdomo wa Mutanu.

Hakuwa mwalimu wala mtangazaji. Alikuwa mkulima wa ndengu, mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Asubuhi baada ya mbio kubwa alibeba mtungi wake hadi kisimani, na foleni nzima ikanyamaza. Mwaka 1992, Wakenya walipozoa nafasi zote tatu kule Barcelona katika mbio za kuruka viunzi na maji, aliwasimulia mzunguko kwa mzunguko, akikimbia papo hapo aliposimama, leso ameifunga kibwebwe, mpaka wanawake wawili wakasahau zamu yao ya kuteka.

Walichopenda zaidi ni pale penye maji. Redioni mtangazaji alisema tu, "Anaruka maji!" Mengine Mutanu aliyajaza mwenyewe, na maji mengi aliyoyajua maishani yalikuwa ya Bwawa la Masinga, bwawa la kuzalisha umeme karibu na kwao. Basi maji yake yalifika kifuani. Kando kulikuwa na kamba za kuwavuta waliozama. Mamba hakumtaja, ila watoto walipouliza kama yupo, hakukana.

"Mnafikiri kwa nini Mkenya anashinda?" alikuwa akiwauliza. "Wenzetu wamefundishwa kuogelea. Sisi tumefundishwa kuvuka."

Hakuwa akidanganya. Aliyaamini yote.

Ukaja mwaka 2000. Mvua ilikataa, bwawa likanywea hadi visiki vya mashamba ya zamani vikajitokeza, na nchi nzima ikawekwa kwenye mgao wa stima. Ajabu ya nchi hii! Bwawa lile lilimeza shamba la babake Mutanu, stima ikapita juu ya paa lake kwenye nyaya nene ikikimbilia miji ya mbali, naye akabaki na koroboi yake. Mijini walipolia kwamba wamekaa gizani, yeye hakujua wanalilia nini. Watu waliotoa ardhi yao ili taifa liwake wanalidai taifa hilo balbu moja angalau, na aibu hiyo si ya mvua. Lakini Mutanu hakuwa mtu wa kununa. Septemba hiyo alitaka kitu kimoja tu: kuziona mbio zake kwa macho.

Nafasi ililetwa na Abdiwahab, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa na hoteli ndogo sokoni Masinga. Kwa ajili ya mgao alinunua jenereta, na kwa ajili ya Sydney akaweka televisheni juu ya kabati la mandazi. Ijumaa ya fainali Mutanu alitoka Kivaa kwa miguu alfajiri, akafika jua likiwa limeshika kasi.

"Mama, kaa hapa mbele," Abdiwahab alimwambia, akimsogezea kiti. "Leo ni siku yako. Mimi naenda kuswali."

"Utakosa mbio!"

"Mungu hangoji Mkenya afike mwisho, mama."

Nyuma ya Mutanu aliketi Maundu, fundi wa baiskeli wa kule kwao Kivaa, aliyezisikia simulizi za kisimani tangu akivaa kaptula. Bunduki ikalia, wanaume wakatoka mbio, na punde kamera ikayaonyesha maji.

Kidimbwi. Kidimbwi tu, kama josho la mbuzi. Mkimbiaji wa kwanza alipanda kiunzi, akagusa maji kwa mguu mmoja, akaenda zake. Hoteli ikalipuka kwa kicheko.

"Mwaitu!" Maundu alipiga makofi. Kwa Kikamba hivyo ndivyo mama anavyoitwa kwa heshima, lakini leo neno lilikuwa na meno. "Hiyo ndiyo bahari yako? Mbuzi mmoja wa Abdiwahab anakunywa hiyo yote na bado ako na kiu!"

"Kamba nazo ziko wapi?" mwingine akadakia.

"Na mamba? Ama ameenda chai?"

Uso wa Mutanu uliwaka. Kicheko angekivumilia. Kilichomchoma ni kisima. Kesho Maundu angefika pale kabla yake, na keshokutwa nani angenyamaza tena Mutanu akifungua mdomo? Mkono wake ulikwisha kushika kiondo aondoke. Lakini Wakenya walikuwa mbioni, na hakuwa amewahi kuwaacha njiani. Akakiweka chini, akayakazia macho yale maji kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

Mbio zilikwenda polepole, kisha zikawaka mwishoni. Wakenya wawili, wa kwanza na wa pili! Mmoroko wa tatu! Vikombe vilianguka, Maundu akamkumbatia Mutanu bila kukumbuka alichosema, na jirani yake akakanyaga mandazi.

Abdiwahab akarudi, kofia mkononi. "Imekuwaje?"

"Tumeshinda!"

"Yule kijana alimpita kwenye kona!"

"Kona gani? Ni kwa maji!"

"Wewe ulikuwa unaangalia chai!"

Abdiwahab hakupata hata neno moja la kushika. Akainama akaizima jenereta. Mngurumo ulipokatika, Maundu akasema kwa sauti ya chini, "Wacha mwaitu aseme."

Mutanu alisimama. Angeweza kuyaruka maji yale katika simulizi yake, na hakuna ambaye angemuuliza.

"Kwanza maji," akasema. "Miaka minane nimewaambia yanafika kifuani. Nilikosea. Maundu, umenicheka kwa haki."

Akawageukia wote.

"Lakini mlicheka, hamkutazama. Yale maji hayako sawa. Chini ya kiunzi kuna kina. Mbele ni kama umande. Mwenye nguvu anarukia kwenye umande. Aliyechoka anadondoka kwenye kina, maji yanamshika magoti. Mwanzoni karibu wote walifika mbele. Mwishoni nilianza kuwaona wakidondoka, mmoja, halafu mwingine. Wetu walikanyaga pale pale walipokanyaga mara ya kwanza."

Mtu mmoja alisema "Eeh," taratibu. Walikuwa wametazama kitu kilekile, na hakuna aliyekuwa amekiona.

"Sasa ngojeni tuanze mwanzo." Akafunga leso kibwebwe, akachuchumaa kama mtu aliye kwenye mstari. "Jua la huko limekwisha kuzama. Taa zinawaka. Hawa hapa, wamejipanga..."

Maundu akavuta kiti chake karibu.

"Halafu?" akauliza.