Mstari Mmoja Uliokosekana Kwenye Orodha Yake

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikinyoa ndevu: yule mama aliyetunza orodha za folda katika karakana yetu ya programu hapa Butembo amefariki Beni, kwa tansiyo, shinikizo la damu, baada ya siku tatu tu za kulazwa. Nilifuta povu upande mmoja wa uso, nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Tangu siku hiyo situlii. Ninyi wasomaji wangu mmenizoea nikilalamikia barabara na bei ya maharage, na leo mtanivumilia, maana kuna jambo nililopaswa kumwambia mama yule kwa miaka miwili na sikumwambia. Nimeandika aya hii mara nne na kila mara nimejaribu kujipendelea.

Niwaeleze kwanza kazi yake, kwa sababu hata majirani zake hawakuielewa. Walijua tu kwamba aliwahi kufundisha hesabu na kwamba sasa anashinda mbele ya kompyuta. Karakana yetu hutengeneza programu ambayo vituo vya afya hutumia kuandika wagonjwa, dawa na vipimo vyake. Nami, mbali na safu hii, hufanya kazi mle: naandika maneno ya Kiswahili ambayo muuguzi huyaona kwenye skrini. Programu kubwa namna hiyo hukaa katika mamia ya folda, na kompyuta huzishughulikia moja baada ya nyingine hadi kitu kizima kisimame. Sisi huita kujenga. Sasa, huwezi kupika sombe, majani ya muhogo, ambayo haijatwangwa, na folda nayo ni hivyo hivyo: ya skrini haijengwi kabla ya ile yenye jedwali ambalo skrini hiyo italionyesha. Kwa hiyo kila folda ina orodha yake fupi inayosema, nategemea hii na ile. Kompyuta husoma orodha ikajua ianze wapi, na kitu kikibadilika ijue ni folda zipi za kujengwa upya. Usipoandika, haikuulizi. Inaendelea tu, na wewe unafurahi. Mama yule ndiye aliyekuwa mlinzi wa orodha zote hizo.

Watu wa hapa tuna neno letu la kufunika mambo: iko inatembea. Pikipiki ikigonga gonga lakini inakwenda, iko inatembea, usiiguse. Kujenga programu yote kutoka mwanzo kulikula siku nzima ya jenereta, groupe kama tuiitavyo hapa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kufuta yaliyokwisha kujengwa. Tulirundika ya leo juu ya ya jana. Mama peke yake ndiye aliyetaka tufute kila kitu Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kuanza upya. Mkuu wetu alimkatalia mbele yangu.

"Mama, hii kitu iko inatembea. Juu ya nini unataka kufuta yote? Groupe itakula mafuta siku muzima."

"Iko inatembea juu ya vitu vya jana, Chef. Mie nataka nione kama inaweza kutembea bila vile vya jana. Ukiogopa kufuta, donc weye mwenyewe unajua orodha haiko muzuri."

Alishinda. Tukawa tunakuja Jumamosi hizo na mahindi ya kuchemsha, tunasikiliza jenereta ikinguruma, na karibu kila mara ujenzi ulikwama mahali. Mama alitafuta mstari uliokosekana, kisha akauliza, bila ukali wowote, "Nani alisahau?" Mwenye kosa aliinua mkono, tukamcheka, akaandika mstari wake, basi. Mimi niliinua mkono mara nyingi tu. Nalisema hili ili mjue kwamba nilifahamu vizuri jinsi ya kuuinua.

Mwaka juzi alikwenda Mangina mwezi mzima kumuuguza dadake, na Jumamosi yake ikapita bila mtu kufuta chochote. Wauguzi wa kituo cha Kalunguta walikuwa wakisubiri skrini mpya: unaweka uzito wa mtoto, inakuambia kiasi cha dawa ya maji. Nilikuwa na haraka, haraka ya mtu anayetaka kusifiwa. Nikachukua jedwali la uzito kutoka folda ya dawa, nikaliingiza katika folda yangu, na sikuandika katika orodha kwamba nalitegemea. Sikusahau. Nilijiambia nitaandika kesho. Jedwali lilikuwa limeshajengwa jana yake, kwa hiyo kila kitu kilikubali, na nikaenda nyumbani nikipiga mluzi. Wiki chache baadaye wafamasia walisahihisha jedwali lile. Kompyuta ikajenga upya kila folda iliyosema inalitegemea, ikaiacha yangu na vipimo vya zamani, na ndivyo ilivyotumwa Kalunguta.

Muuguzi mmoja wa huko alinipigia simu, akiniita Papa kama tunavyomwita hapa kila mwanamume mzima. "Papa, mashine inasema vijiko mbili, karatasi ya ku ukuta inasema kijiko moja. Mie nilifuata karatasi. Batoto ba bantu, hapana kuchezea." Nilimshukuru, nikakata simu. Hakuna mtoto aliyedhurika, lakini heshima yote ya hilo ni ya muuguzi yule na karatasi yake.

Habari ikamfikia mkuu, tukaitwa kwenye réunion, kikao cha wafanyakazi wote. Mama alikuwa amerudi, na asubuhi ile alikuwa ameupata mstari unaokosekana. Mkuu alifoka, akataka jina. Nilimngoja mama aulize swali lake la siku zote ili niinue mkono, naapa nilimngoja. Hakuliuliza. Alisema, "Orodha ni yangu. Ilikosa mustari moja. Kosa ni yangu." Kama alijua ni mimi, sijui. Mkono wangu ulibaki mapajani. Wiki hiyo hiyo alinyang'anywa orodha zake na kupelekwa Beni kufundisha wauguzi kutumia programu, kazi ambayo mtu wa akili zake angeweza kuifanya akisinzia. Akafungasha, akatuaga mmoja mmoja, akaniambia, "Papa, ubakie muzuri." Mimi nilibaki na meza yangu karibu na dirisha.

Tangu hapo naona mambo yasiyoandikwa kila mahali. Barabara ya Beni ikifungwa kwa vita, ndipo mji huu unapokumbuka ndizi zake hutoka wapi. Wakulima wa upande wa Manguredjipa wakikimbia mashamba, tunamgombeza muuza maharage sokoni, kana kwamba yeye ndiye aliyewakimbiza. Tunaishi mgongoni mwa watu ambao hatuwataji, na siku wakikosekana tunashangaa kwa nini nyumba inayumba. Ni kweli yote haya. Lakini ninajijua: nikianza kusema "sisi" na "mji huu", ni kwa sababu nakwepa kusema "mimi".

Alizikwa Beni Alhamisi. Ijumaa tulikaa matangani nyumbani kwake hapa Butembo, na rozari ilipokwisha binti yake mkubwa aliwapa nafasi wafanyakazi wenzake. Mkuu alisema marehemu alikuwa mtu wa kukubali makosa yake, na watu wakaitikia. Hapo sikuweza tena kukaa. Nilisimama nikaeleza mbele ya wote kwamba mstari ule ulikuwa wangu, kwamba niliuacha kwa kujua, na kwamba mama yao alihamishwa kwa sababu yangu. Mkuu aliangalia simu yake. Binti alinisogelea akiwa na termosi ya chai mkononi.

"Papa, ile siku ya réunion, weye ulikuwa mule ndani?"

"Nilikuwa, mwanangu."

"Na Mama alikuangalia?"

"Sijui. Mie nilikuwa naangalia chini."

Aliitikia kwa kichwa, akanimiminia chai kama alivyowamiminia wengine, akaenda benchi lililofuata. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi ya ukoo mzima. Lakini hasira ile haikuwa yake kunipa; ilikuwa ya mama yake, na mama yake tumeshamzika. Ndugu msomaji, ikiwa kuna mtu aliyebeba kosa lako, mwendee leo, angali na nguvu za kukukasirikia.